Papo kwa papo, kanuni au kelele: uanzie wapi na muziki wa majaribio

Mtu akiniambia anataka kuanza kusikiliza muziki wa majaribio, simuulizi anapenda ala gani. Namuuliza kama anaweza kukaa dakika 40 bila kujua kinachofuata, na kama jambo hilo linamsisimua au linamkera. Jibu lake ndilo linaloniambia nimwelekeze wapi, maana jina hili moja linafunika watu wasiofanana hata chembe. Wapo wanaopanda jukwaani bila kupatana neno. Wapo wanaofuata kanuni zilizoandikwa miaka 60 iliyopita. Na wapo wanaochomeka waya wa miksa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, kwenye miksa ileile mpaka ipige yowe. Wote hupangwa rafu moja, na anayeokota bila kuchagua anaweza kuwachukia wote kwa sababu ya mmoja.

Mimi niliokota. Rekodi ya kwanza niliyopewa ilikuwa Machine Gun ya Peter Brötzmann, mpiga saksafoni wa Kijerumani, nikaifungulia kwenye spika ya simu. Haikufika nusu dakika nikaizima na kuanza kuigeuzageuza simu, nikiamini spika imepasuka. Nilikuja kuirudia miaka baadaye kwenye spika za maana, ndipo nikasikia kwamba ule mpasuko ulikuwa saksafoni tatu zinapulizwa kwa pamoja juu ya piano moja, besi mbili na dramu mbili: watu wanane, mjini Bremen, Mei 1968. Brötzmann aliitoa mwenyewe, santuri 300 tu kwa kuanzia, na leo ni moja ya rekodi zinazotajwa sana katika muziki huu huko Ulaya. Naipenda. Ila simpi mtu iwe ya kwanza, na kwenye spika ya simu ndiyo kabisa.

Uliza uamuzi ulifanyika lini

Majina hayasaidii sana. Avangadi, muziki huru, muziki wa majaribio: hata wanaoupiga huyachanganya, na lebo ndogondogo huandika lolote litakalouza nakala 50. Kinachosaidia ni kuuliza nani aliamua kipigwe nini, na aliamua lini.

Katika muziki wa papo kwa papo, uamuzi na sauti vinatoka pamoja, na kila mpigaji ana wake. Katika muziki wa kanuni, mtu aliamua kabla. Si lazima awe ameandika nota. Huenda aliamua muda tu, au utaratibu, au nani ana ruhusa ya kumnyamazisha nani. Katika kelele, na katika ndugu yake wa ajabu, ule muziki wa karibu na kimya, sehemu kubwa ya uamuzi huachiwa mtambo au chumba chenyewe. Ukishajua hilo, unajua unasikiliza nini: watu wanavyojibizana, wazo linavyotimia, au umeme na kuta zinavyofanya kazi.

Papo kwa papo: ya maneno na ya matabaka

Derek Bailey alikuwa mpiga gitaa wa kuajiriwa, akipigia bendi za dansi na kazi za studio. Kati ya 1963 na 1966, mjini Sheffield, yeye na Gavin Bryars kwenye besi na Tony Oxley kwenye dramu walikuwa na kikundi cha watu watatu kilichoanza na jazi ya kawaida, kisha kikawa kinaondoa kitu kimoja kimoja. Likaondoka pigo la kuhesabika, zikaondoka kodi, yaani nota zinazopigwa kwa pamoja, mwisho ikaondoka hata tuni. Kilichobaki ndicho alichokipiga hadi kufariki kwake mwaka 2005: nukta za sauti zinazoruka kutoka uzi hadi uzi, nyingine kavu kama kijiti kinavunjika, nyingine zinazofunguka polepole kwa kanyagio la sauti, na katikati yake mapengo ambayo mgeni huyadhania kusitasita.

Nusu saa ya kwanza ya Bailey huudhi karibu kila mtu. Iliniudhi na mimi. Sikio linatafuta pa kushika, na yeye kila akikaribia kukupa tuni anaiachia. Lakini weka mtu wa pili pembeni yake, mambo yanabadilika. Unaanza kusikia nani kajibu, nani kapuuza, nani kamkatiza mwenzake makusudi.

Huo ni upande wa maneno, yaani wa ala kujibizana. Upande wa pili ni wa matabaka, na hapo watu hutaja AMM, kikundi kilichoanza London mwaka 1965. Hao hawajibizani kwa kuonekana. Wanawekeana sauti juu ya sauti, mpaka hujui mkwaruzo huu umetoka kwenye chelo, kwenye sahani ya dramu au kwenye gitaa. Keith Rowe alililaza gitaa lake mezani chali, akaligusa kwa visu, sponji na vyuma, na pembeni akawasha redio. Chochote kilichokuwa hewani dakika ile kikaingia: mtangazaji, wimbo wa mapenzi, mnong'ono wa stesheni ya mbali. Unaposikia sauti ya mtangazaji ikichomoza katikati ya ukungu ule, ukijua hakuna aliyepanga aseme nini, ngozi inasisimka.

Kwa hiyo hata ndani ya papo kwa papo kuna kuchagua. Mwenye kupenda mazungumzo, ubishi na utani achukue ya maneno. Anayependa kuzama, macho yakiwa yamefumbwa, achukue ya matabaka. Na kuna njia ya tatu, laini zaidi, ambayo watu huisahau: mwaka 1988 Pauline Oliveros na akodiani yake, pamoja na Stuart Dempster na Panaiotis, walishuka ndani ya tangi tupu la maji chini ya ardhi huko Fort Worden, jimbo la Washington, ambamo sauti moja ilidumu sekunde 45 kabla ya kufa. Walitunga palepale, lakini tangi halikuwaruhusu haraka. Ukipiga nota mbaya utakaa nayo karibu dakika nzima. Rekodi hiyo, Deep Listening, ikatoka mwaka 1989. Mtu anayetishwa na Bailey mara nyingi huipenda tangu dakika ya kwanza.

Ushauri wangu hapa hauna kona: anza na watu wawili. Si mmoja, maana mpigaji wa peke yake hukudai usikivu wa hali ya juu, na Evan Parker akiwa peke yake na saksafoni yake ya soprano, akivuta hewa puani huku akisukuma mdomoni ile aliyoihifadhi mashavuni ili mlio usikatike, ni maajabu lakini pia ni ukuta. Si wanane, kama nilivyojifunza kwa gharama ya simu. Wawili, wenye ala zisizofanana, ili sikio lisipoteze nani ni nani.

Kanuni: unapotaka kujua kinachoendelea

Kuna watu ambao neno "huru" linawapa kizunguzungu. Wanataka kujua mchezo una sheria gani ndipo waufurahie, na sioni ubaya wowote. Hao nawapeleka upande wa pili.

In C ya Terry Riley, ya mwaka 1964, ina vifungu 53 vifupi vya nota, vyote kwenye ukurasa mmoja. Kila mpigaji anarudia kifungu cha kwanza mara anazotaka, kisha anahamia cha pili, na kadhalika hadi cha mwisho. Wapigaji idadi yoyote, ala yoyote. Hakuna anayejua nani atakuwa wapi, lakini haiwezekani kupotea, kwa kuwa kila mtu anaelekea upande uleule. Inang'aa, inadunda, na kwa masikio ya leo haishtui tena. Ukitaka kumwonyesha mtu asiye na muda na mambo haya kwamba majaribio si lazima yaume, mpe hii. Dosari yake kwangu ni hiyohiyo: ukishaisikia mara tano, unajua itakupeleka wapi.

Cobra ya John Zorn, ya 1984, ni kinyume chake. Haina nota hata moja. Kuna mtu mbele mwenye kadi, na kila kadi ni amri: badilishaneni, simameni, wawili wapige peke yao, rudini kwenye kile mlichokifanya mwanzo. Lakini mwenye kadi si bosi. Wapigaji ndio wanaomwashiria kwa kugusa pua, sikio au kichwa wakiomba kadi fulani, na mpigaji anaweza kufunga kitambaa kichwani akageuka mwasi asiyetii amri za kawaida. Kuiona ni burudani tupu. Kuisikiliza tu, bila kuona, ni kama kusikiliza mechi redioni bila mtangazaji: unasikia shangwe, hujui nani kafunga. Ndiyo sababu sishauri mtu anunue rekodi yake kabla hajaiona jukwaani au kwenye video.

Treatise ya Cornelius Cardew nitaipitia haraka. Kurasa 193 za mistari, duara na maumbo, alizozichora kati ya 1963 na 1967, bila maelezo ya namna ya kuzipiga. Kurasa zenyewe ni nzuri kuzitazama kuliko nota nyingi nilizowahi kuona. Lakini msikilizaji asiyeziona hawezi kuitofautisha na papo kwa papo, na sidhani ni aibu kulisema. Cardew mwenyewe alijiunga na AMM mwaka 1966, katikati ya kuichora.

Kazi ya kanuni ninayoipa watu kwanza ni nyingine: I Am Sitting in a Room ya Alvin Lucier, 1969. Kanuni yake inaelezeka kwa pumzi moja. Anasoma maelezo mafupi ya kile anachokifanya, akiwa ameketi chumbani, na kujirekodi. Anaicheza rekodi hiyo ndani ya chumba hichohicho na kurekodi kinachosikika. Kisha anaicheza hiyo ya pili, anarekodi, na kuendelea. Kila mzunguko, sauti ambazo chumba kinazipenda huzidi na zile kisichozipenda hufifia. Lucier alikuwa na kigugumizi, na kwenye maelezo yake anasema wazi kwamba kazi hii inalainisha kasoro za usemi wake. Sikiliza neno analokwama nalo mwanzoni. Katika mizunguko ya mwanzo unalingojea kila mara, unalifuata. Taratibu linapoteza konsonanti, kisha linabaki mdundo tu, mwisho panakuwa na mlio kama wa kengele unaotoka palepale aliposita. Hakuna ala, hakuna aliyetunga tuni, na unajua tangu sentensi ya kwanza kitakachotokea. Bado inashika roho.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Tofauti inayoonekana kwanza ni kosa. Katika In C kosa lipo: mtu anaweza kuruka vifungu, akakosa pigo. Kwa Lucier kosa litakuwa kuzima mashine mapema. Kwenye papo kwa papo hakuna nota isiyo sahihi, na wengi hudhani basi hakuna kushindwa. Kupo, tena kwingi. Mpigaji anarudi kwenye ufundi wake uleule kila akibanwa. Wawili wanaogopana, kila mmoja anamngoja mwenzake. Au wote wanapanda sauti mpaka kileleni kwa sababu kupanda ni rahisi, kisha hawajui kushuka. Nimekaa kwenye maonyesho ya namna hiyo, na dakika 20 zake ni ndefu kuliko saa mbili za kitu kingine.

Tofauti ya pili ni mwisho, na hii naomba uisikilize kwa makini ukipata nafasi. Kazi ya kanuni inajua inaishia wapi. Papo kwa papo lazima iutafute mwisho wake mbele yako. Sauti zinapungua, mmoja ameshashusha ala magotini, mwingine bado anavuta uzi mmoja taratibu kwa kucha. Wa kwanza anainua kichwa: je, nirudi? Hapo pana sekunde tano ambazo hakuna mtu ukumbini anayemeza mate. Wakikubaliana, kimya kinakuwa sehemu ya muziki. Mmoja akikosa kusoma dalili na kuanza upya, utasikia kipande kizima kikilegea kama kamba. Wapigaji wazoefu hutambulika hapo kuliko kwenye kasi ya vidole.

La tatu ni kurudia. Cardew aliwahi kuandika kwamba rekodi za muziki wa papo kwa papo kimsingi ni tupu, kwa kuwa zinahifadhi umbo na kuacha mazingira yaliyolizaa. Alisema hivyo na huku AMM walikuwa wanarekodi, jambo linalonichekesha kidogo. Lakini hoja ina uzito: ukisikiliza mara ya kumi, ajali imegeuka utungo, unakijua kila kikohozi. Mimi huziona rekodi hizo kama picha za watu niliowafahamu. Kazi ya kanuni haina tatizo hilo. Ikirudiwa na watu wengine inazaliwa upya, na hapo ndipo inapoishinda papo kwa papo kwa mbali. Unaweza kulinganisha In C tano tofauti. Huwezi kulinganisha usiku mmoja wa watu wawili na chochote.

Anayeona ugumu wa kuchagua kati ya hizi mbili ajue kuna daraja. Lawrence "Butch" Morris, kuanzia mwaka 1985, alijenga lugha ya ishara za mikono na fimbo ambayo kwayo aliongoza wapigaji wa papo kwa papo kama okestra: shikilia hiyo, irudie, ikumbuke, mwige jirani yako. Sauti ni zao, umbo ni lake.

Kelele na kimya

Kelele nitasema kidogo, kwa sababu haielezeki sana. Mwili unaikubali au unaikataa. Masami Akita wa Tokyo, anayejiita Merzbow, ameifanya tangu 1979, na mwaka 2000 lilitoka sanduku lake la CD 50. Usianze na sanduku. CD moja, sauti ya wastani, na ukiona baada ya dakika kumi umeanza kusikia maumbo ndani ya ule mngurumo, kama mtu anavyoona nyuso mawinguni, basi ni yako. Ukiona unasubiri iishe, si yako, na huna sababu ya kujilazimisha ili uonekane una masikio makubwa.

Jukwaani chukua viziba masikio. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini wa Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unagawanyika nusu. Ukifika 100 una dakika 15. Wapigaji wengi wa kelele wenyewe huvaa.

Kimya ndicho kilichonishangaza. Tokyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 palikuwa na ukumbi mdogo ulioitwa Off Site, kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nyembamba, majirani ubavuni. Kupiga kwa nguvu kukawa hakuwezekani. Toshimaru Nakamura alipiga miksa ambayo haikuunganishwa na ala yoyote: tokeo la miksa limerudishwa kwenye ingizo lake, na ule mlio unaojizalisha ndani ya mzunguko ndio akaufinyanga kwa vitufe. Sachiko M alichukua sampla, mashine ya kuhifadhi sauti na kuzicheza, akaiacha bila sauti yoyote kwenye kumbukumbu, akatumia mlio wake wa kujipimia tu. Mlio mmoja, mwembamba, wa juu, bila kutetereka.

Kwenye karatasi ni jambo la kuchosha kuliko yote. Jaribu hivi: uweke mlio wa namna hiyo kwenye spika, si hedifoni, kisha geuza kichwa polepole kushoto. Sauti inapungua. Sogea kidogo, inarudi kali. Inama, inapotea kwenye sikio moja. Mlio haujabadilika, ni mawimbi yanayogonga kuta na kukutana, yakijazana pale na kufutana hapa, na wewe unatembea kati yake. Kila anayesikiliza anapata kipande chake kulingana na kiti alichokalia. Baada ya jaribio hilo sikuweza tena kusema hakuna kinachotokea.

Nikiwa hapa niweke jambo moja sawa. Utasoma kila mahali kwamba kutunga kwa sauti zilizorekodiwa kulianzia Paris mwaka 1948 na Pierre Schaeffer. Halim El-Dabh, Mmisri, alikwishafanya hivyo Kairo mwaka 1944, kwa kinasa sauti cha waya, akichukua sauti za sherehe ya zari, ile ya kupunga pepo, na kuzichuja na kuzipa mwangwi mpaka maneno yakayeyuka. Na anayetaka kusikia uzi huohuo ukiwa umefika leo atafute Peel ya KMRU, mzaliwa wa Nairobi, iliyotoka mwaka 2020: sauti za mazingira zilizonyooshwa mpaka zikawa hewa. Hiyo ni laini, inafaa hata anayefanya kazi nyingine.

Jukwaani, kaseti, santuri, CD au faili

Ukishachagua upande, bado njia ya kuupata inaweza kuuharibu.

Papo kwa papo na Cobra ni za jukwaani, kwanza kabisa. Macho yanasaidia: unaona mkono unaoinuka na kughairi. Kumbi zake ni ndogo, na zinazodumu mara nyingi zimeshikwa na wanamuziki au wapenzi wao. The Stone ya New York ilifunguliwa na Zorn mwaka 2005 kwa mpango kwamba mapato ya mlangoni yote yaende kwa wapigaji, na Cafe OTO ya London ipo tangu 2008. Kasoro ya jukwaa ni kwamba unakwenda kubahatisha. Usiku mbovu hauna marejesho.

Kaseti ina fasheni yake, na wasanii wa kujitegemea huipenda kwa sababu inawezekana kutoa nakala 50 bila kumwangukia mtu miguuni. Kaseti ya dakika 60 inakupa 30 kila upande, na mchakacho wa tepu unakaa vizuri na kelele. Kwa muziki wa kimya ni balaa: unalipia mlio wa Sachiko M, unapata shhhh. Santuri ina urembo wote unaoujua, lakini upande mmoja huchukua takriban dakika 20 ikiwa unataka sauti nzuri, kwa hiyo kipande cha dakika 40 kinakatwa katikati, na mara nyingi kinakatwa pale pale kilipokuwa kinaanza kukaa. CD, ambayo vijana wanaicheka, ndiyo bora kwa muziki huu: hadi dakika 74 au 80 bila kukatwa, na nyuma yake kimya kisicho na mikwaruzo. Sina zaidi la kuitetea.

Faili na mtandao ndipo pesa zinapoingia. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, kwa hiyo kipande cha dakika 45 na kibwagizo cha sekunde 31 vinahesabiwa sawasawa, na tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Piga hesabu: mpiga chelo mwenye wapenzi 300 wa kweli, kila mmoja akisikiliza kipande mara tatu kwa mwaka, amepata 900. Sifuri. Kwa msanii wa muziki wa kusikilizwa na wengi sheria hiyo ni vumbi; kwa huyu ni mlango uliofungwa. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki iliyozinduliwa mwaka 2008, hukata asilimia 15 kwenye mauzo ya faili na 10 kwenye kaseti na santuri, ukiacha makato ya malipo, na kinachobaki kinamfikia mwenyewe. Umiliki wake umebadilika mara mbili, 2022 na 2023, na wengi tuliingiwa na wasiwasi, lakini hadi sasa ndiko wasanii hawa waliko.

Mimi hufanya hivi: naonja kwenye huduma ya kusikiliza bure, nikipenda nanunua faili isiyobanwa kutoka kwa msanii. Na kabla ya kuonja, ingia kwenye mipangilio uzime kile kinachounganisha nyimbo na kile kinacholinganisha ukubwa wa sauti. Kipengele hicho cha pili kinaweza kupunguza tofauti ambayo wapigaji waliihangaikia, ile kati ya mnong'ono wa kipande kimoja na yowe la kinachofuata.

Basi, ukianza leo

Kama unapenda kujua sheria, Lucier kwanza, In C baadaye. Kama umechoka na unataka kuzama, tangi la Oliveros. Kama mwili wako unatafuta kishindo, Merzbow mmoja, halafu Brötzmann siku ambayo majirani wamesafiri.

Lakini kama huna upande, nakuchagulia mimi: The London Concert ya Derek Bailey na Evan Parker, iliyorekodiwa Wigmore Hall mwaka 1975. Gitaa na saksafoni, basi. Chukua dakika kumi za mwanzo, usiende mbali. Mara ya kwanza lifuate gitaa peke yake, hata saksafoni ikipiga kelele za kukuita. Mara ya pili ifuate saksafoni. Mara ya tatu usifuate chochote. Sikiliza yale mapengo kati yao, na uhesabu ni mara ngapi mmoja alikuwa na nafasi ya kuingia akaamua kunyamaza.